Kielezi hakitambuliwi kwa mkia

Juzi nilikuwa nimekaa kivulini pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara hapa Bagamoyo, namsubiri jamaa yangu. Kijana mmoja anayetembeza wageni alikuwa akiwasimulia watalii wanne habari za wapagazi, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Akasema: "The porters worked very hard." Mwenzake, ambaye bado anajifunza kazi hiyo, akamnong'oneza: "Sema hardly, kaka. Kielezi lazima kiwe na -ly." Kijana akajirudi palepale. Akawageukia wageni na kusema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeshukuru kusahihishwa: "They worked hardly."

Wageni walinyamaza kwa adabu. Mimi moyo uliniuma. Mtu aliyezaliwa na Kiingereza akiisikia sentensi hiyo, anachoelewa ni kwamba wapagazi hawakufanya kazi ya maana, waliigusagusa tu. Wapagazi! Watu waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, mpaka kwenye ufukwe huu. Kijana alikuwa amesema kweli, na kanuni mbovu ikamfanya aikane.

Kanuni hiyo naijua. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, nimeikuta kwenye madaftari, kwenye chati zilizobandikwa ukutani, na midomoni mwa watu wazima wanaosahihishana wakidhani wanasaidiana: chukua kivumishi, kifunge -ly nyuma, umepata kielezi. Na kinyume chake: neno likiishia na -ly ni kielezi, lisipoishia hivyo si kielezi. Nimechoka kuisikia, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kielezi ni neno linalotueleza zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi, kielezi kingine, au sentensi nzima: limefanyika vipi, lini, wapi, mara ngapi, kwa kiasi gani. Kivumishi kinaitumikia nomino, au kiwakilishi kinaposimama badala ya nomino. Basi. Hakuna mahali popote katika maana hiyo palipotajwa herufi za mwisho wa neno. Angalia vielezi ambavyo Kiingereza hakiwezi kuishi siku moja bila ya hivyo: now, then, here, there, never, often, soon, too, very, well. Vyote havina mkia, na hakuna anayethubutu kusema "soonly".

Jina la aina hii ya neno limetoka mbali. Wanasarufi wa Kiyunani, wale wa Alexandria karne ya pili kabla ya Kristo, waligawa maneno katika mafungu manane, na fungu hili wakaliita "epirrhema", yaani kinachoegemea kitenzi. Warumi wakalitafsiri sehemu kwa sehemu, "adverbium", na Waingereza wakarithi "adverb". Jina hilo lina kasoro, kwa sababu linamfanya mwanafunzi adhani neno hili ni mtumishi wa kitenzi peke yake. Waliotupa neno "kielezi" walichagua vizuri zaidi. Limetoka kwenye kueleza, na kueleza kumetoka kwenye kuelea. Watu wa pwani wanaujua undugu huo: dau huelea majini, na jambo likiwa wazi tunasema limenielea. Kueleza ni kulifanya jambo lielee, lipande juu lionekane. Jina letu halikitaji kitenzi kabisa, linataja kazi. Kivumishi nacho kimetoka kwenye kuvumisha: kinaivumisha nomino, kinatangaza sifa zake, njema au mbaya.

Sasa tuje kwenye huo mkia wenyewe, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Katika Kiingereza cha kale, kile cha miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kulikuwa na neno "lic" lenye maana ya mwili. Kijerumani bado kinalo ndugu yake, "Leiche", ila leo maana yake ni maiti, na Kiholanzi kina "lijk" kwa maana hiyohiyo. Kiingereza chenyewe kimelihifadhi kwa maana hiyo katika neno ambalo wengi hawalijui: "lychgate", lango lenye paa kwenye uwanja wa kanisa, ambapo jeneza lilikuwa likisimamishwa kumsubiri kasisi. Neno hilo la mwili likaanza kubandikwa nyuma ya majina, kwa maana ya "mwenye umbo la". "Freondlic" ni mwenye umbo la rafiki, mwenye kufanana na rafiki. Leo tunaandika "friendly". Kwa hiyo -ly hapo mwanzo ilikuwa alama ya kivumishi! "Friendly", "lovely", "lonely", "costly", "fatherly" ni vivumishi, na vimekuwa hivyo tangu vilipozaliwa. Kutoka shina hilohilo tumepata "like", na ukichimba zaidi utalikuta limezikwa ndani ya "such" na "which", ambavyo zamani vilikuwa "swylc" na "hwilc", yaani wa umbo hili na wa umbo gani. Hata "only" ni "one" iliyovishwa mwili huo.

Kielezi kilikuwa kinaundwaje basi? Kwa irabu moja. Ulichukua kivumishi ukakiongezea -e inayotamkwa. "Heard" ni gumu, "hearde" ni kwa nguvu. Na kivumishi kilichokwisha kuwa na -lic kiliongezewa -e hiyohiyo, kikawa "-lice". Kila kitu kilikuwa wazi, kama sisi tunavyotofautisha "mbaya" na "vibaya".

Kisha watu wakaanza kuimeza irabu ya mwisho. Lugha nyingi hufanya hivyo, mdomo hupenda njia ya mkato. Kufikia miaka ya 1400 ile -e ilikuwa imenyamaza, na matokeo yake yalikuwa mawili. "Hearde" ilipopoteza irabu ikabaki "hard", sawasawa na kivumishi chake. Na "-lice" ilipopoteza irabu yake ikawa -ly, sawasawa na -ly ya vivumishi. Ndiyo maana leo tuna "hard" mbili, moja kivumishi na moja kielezi, na tuna -ly mbili, moja ya "friendly" na moja ya "slowly". "Hard" ya "worked hard" ni kielezi cha asili kabisa, cha zamani, kilichopoteza kiatu njiani. Anayekiambia kivae -ly anadhani kimekosewa. Hakijakosewa.

"Fast" nayo ina historia hiyohiyo, na naipenda zaidi kwa sababu inatugusa. "Fæst" lilikuwa imara, lililoshikwa likakaza, na "fæste" kwa uimara. Maana hiyo bado ipo katika "fast asleep" na katika "fasten", kufunga mkanda. Humo humo ndimo ilimotoka "fast" ya Ramadhani na Kwaresima: kujishika imara, kutolegea. Waingereza wanafunga mkanda na wanafunga saumu kwa shina moja, kama sisi tunavyofunga mlango na kufunga mwezi mtukufu kwa kitenzi kimoja. Lugha mbili ambazo hazikulelewa nyumba moja, na wazo limekuwa lilelile. Maana ya kasi ilikuja baadaye. Vijana wetu wakisema "fanya fasta" wanalitumia kama kielezi, bila -ly, na wako sahihi kuliko yule anayeandika "run fastly".

Walioongeza hofu ya neno lisilo na mkia ni wanasarufi wa karne ya 18. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1762 na humo akakemea matumizi ya kivumishi mahali pa kielezi. Alikuwa msomi mkubwa, na mengine aliyoyakemea leo hakuna anayeyasema. Lakini tahadhari ya aina hiyo, ikishapita mikononi mwa walimu wengi na vitabu vingi vya mazoezi, hupunguzwa mpaka ikabaki amri moja ya kukariri. Amri hiyo ndiyo iliyofika kwa kijana wetu pale Caravanserai.

Tena kuna maneno ambayo yana sura zote mbili na kila sura ikaenda njia yake. "Late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku hizi za karibuni. "Near" ni karibu kwa mahali, "nearly" ni nusura. "Hardly" yenyewe zamani ilikuwa na maana ya kwa nguvu au kwa ukali. Ikasogea ikawa kwa taabu. Kisha ikafika ilipo leo, kwa shida sana hata karibu na hapana. Ukiwa umezoea kufunga -ly kila mahali, hukosei tahajia tu, unasema jambo jingine.

Mswahili hana sababu ya kudanganywa na sura ya neno, kwa kuwa lugha yake mwenyewe imeshamfundisha. Chukua "vizuri". Katika "viti vizuri" ni kivumishi, kimefuata ngeli ya viti. Katika "ameketi vizuri" ni kielezi. Herufi ni zilezile. Na ukisema "mtoto huyu anasoma vitabu vizuri", msikilizaji ana haki ya kuuliza: vitabu ndivyo vizuri, au kusoma ndiko kuzuri? Neno halina jibu mpaka ujue linamtumikia nani. Ukilielewa hilo kwa Kiswahili, "hard" haitakusumbua.

Lakini yapo mahali ambapo Kiswahili chetu kinatupeleka kombo, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Sisi tunasema samaki ananuka vibaya, na wali unanukia vizuri. Tunatumia kielezi. Mtu akitafsiri moja kwa moja anasema "the fish smells badly", na hiyo, kwa anayeisikiliza kwa makini, ni habari ya samaki mwenye pua mbovu, asiyeweza kunusa. Kiingereza kinataka "smells bad", kwa sababu "bad" inamsifu samaki mwenyewe, haielezi namna anavyonusa. "Smell", "taste", "feel", "look" na "sound" hufanya kazi kama daraja kati ya nomino na sifa yake. Ukitaka kuliona jambo hili kwa Kiswahili, tazama kitenzi kimoja: "anaonekana mzuri" na "anaonekana vizuri". Ya kwanza ni sura yake. Ya pili ni kwamba taa inawaka na hakuna aliyemkinga. Hapo tunaitenganisha kazi ya kivumishi na ya kielezi bila kufikiri, na mtoto wa darasa la pili hakosei.

Wageni walipoingia ndani kutazama picha, niliwaita vijana wale wawili. Yule aliyesahihisha alidhani nakuja kumsifu, na kwa kweli nilimsifu, kwa sababu alijali lugha ya mwenzake na akasema kwa sauti ya chini asimwaibishe. Nikamwambia: mwanangu, usiangalie neno limeishia na nini, uliza linamtumikia nani. Kwenye "a hard road", "hard" inaitumikia barabara. Kwenye "they worked hard", inakitumikia kitenzi. Neno lilelile, kazi mbili, na zote mbili ni halali.

Akaniuliza, "Sasa mwalimu, hii hardly niiache kabisa?"

Usiiache, nikamwambia, ina mahali pake. Iweke kabla ya kitenzi, kwa jambo lililokaribia kutokuwepo: "They worked hard and hardly slept." Akairudia mara mbili, akatoa simu akaiandika. Mwenzake alikuwa ameshaitwa na wageni.