Kilomita 50 kwa njia za mashamba Pemba: maswali mliyoniuliza

Mwezi wa Agosti, kusi ikiwa bado inapoza kisiwa, mimi na wenzangu watatu tulikimbia kutoka Ngezi hadi Chake Chake kwa vijia vya mashamba, kilomita 50. Mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni huitwa ultramarathoni, na hizi ndizo zangu za kwanza. Kazi yangu ni uuguzi, lakini siku ile nilifanya kosa ambalo naogopa mwengine atalirudia.

Kweli ulirudi mzito kuliko ulivyoondoka?

Kweli. Alfajiri mizani ilisoma kilo 68, jioni ikasoma 68.7. Mtu aliyetoka jasho kwa muda wa saa 8 hutarajiwa apungue kidogo. Mimi kwa kuogopa jua nilikunywa maji matupu kila penye bomba, kiu ninayo au sina. Ilipofika kilomita ya 30 hivi, pete ilikatalia kidoleni, kichwa kikauma, na kichefuchefu kikanishika. Nikadhani nimekaukiwa, nikazidi kunywa.

Jasho hutoka na chumvi, yaani sodiamu. Ukirudisha maji peke yake kwa wingi, sodiamu ya damu huzimuliwa na maji huingia ndani ya seli, za ubongo zikiwemo. Ubongo ukivimba mtu huchanganyikiwa, hupata degedege, na anaweza kufa. Nilinusurika kwa bibi mmoja aliyekuwa barazani akichambua karafuu, makonyo huku na karafuu huku. Alinikalisha kivulini, akanipa muhogo wa kuchemsha na kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Sikugusa maji mpaka nilipokwenda haja ndogo.

Basi ninywe kiasi gani?

Kunywa unaposikia kiu. Kwenye mazoezi marefu jipime uzito kabla na baada: ukirudi umezidi, umekunywa kupita kiasi. ORS inafaa, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, bila kuzimua. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, kwa hiyo lifuatishe na kitu chenye chumvi. Mwenye presha au maradhi ya figo amuone daktari kabla ya kujiongezea chumvi.

Nile nini njiani?

Mwili unahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kwa kila saa. Ndizi mbivu ya kiasi ina gramu 25 hivi. Tende, mkate wa kumimina na viazi vitamu vyote vinafaa. Halua ina sukari ya kutosha, lakini samli yake hukaa tumboni, nami sikuiweza.

Anza kula ndani ya saa ya kwanza, kabla njaa haijauma. Ukikimbia, damu nyingi huenda kwenye misuli na tumbo hubaki na kidogo, ndiyo maana chakula kingi cha mara moja hurudi. Tumbo nalo hufundishika: kula hivyo hivyo kwenye mazoezi kwa wiki kadhaa. Na beba kitu kisicho kitamu. Baada ya kukimbia kwa muda wa saa 5 sikuweza hata kuitazama tende.

Viatu je?

Miguu huvimba, kwa hiyo chukua raba inayobakisha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Zangu zilinikaa sawasawa dukani, na kwenye miteremko ya udongo mwekundu kucha mbili zikafa. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge, vaa zinazokauka upesi. Mapajani na makwapani jipake mafuta ya mgando. Mwenzetu mmoja alivaa hijabu ya kitambaa chepesi alichokwisha kukijaribu mazoezini, wala hakuchubuka. Begi nalo lijaribu likiwa limejaa.

Nimeze dawa ya maumivu ili nimalize?

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki. Hupunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati figo tayari zimeelemewa. Baada ya mbio, mkojo ukiwa na rangi ya strungi (chai ya rangi) iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenzangu akianza kupayuka na kuyumba?

Msimamishe. Akiwa anawaka moto, huenda ni joto limempanda: mtie kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji baridi mwili mzima na mpepee, huku usafiri unatafutwa. Kumpoza ndiko kunakotangulia. Usimlazimishe kunywa, maana huenda tatizo ni sodiamu, na maji yatamzidishia.

Naweza kujiandaa mwezi wa Ramadhani?

Kidogo. Kimbia mwendo wa pole nusu saa baada ya tarawehe, ukiwa umeshafuturu na kunywa. Masafa marefu yaache mpaka Idi ipite.