Je, wajua kwa nini intaneti hupotea ukichomeka kebo ilhali wifi bado inashika?

Wifi inafanya kazi, kurasa zinafunguka. Unachomeka kebo ya mtandao wa ndani ili ufikie seva za kazini, na papo hapo kurasa zinagoma. Alama ya wifi bado imejaa. Ukichomoa kebo, mambo yanarudi kama kawaida. Kebo haina kosa na wifi haijakatika. Kilichobadilika ni jedwali la njia, orodha fupi ambayo mfumo huitazama ili kujua kila pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) itokee wapi.

Kwenye Linux, andika `ip route`. Mashine iliyo katika hali hiyo itakuonyesha kitu kama hiki:

```
default via 192.168.50.1 dev enp3s0 proto dhcp metric 100
default via 192.168.1.1 dev wlp2s0 proto dhcp metric 600
192.168.1.0/24 dev wlp2s0 proto kernel scope link src 192.168.1.23 metric 600
192.168.50.0/24 dev enp3s0 proto kernel scope link src 192.168.50.14 metric 100
```

Neno `default` linamaanisha "kwingine kote", yaani 0.0.0.0/0. Baada ya `via` ni anwani ya lango, yaani kifaa kinachopokea pakiti na kuzipeleka nje ya mtandao wako, na baada ya `dev` ni kadi ya mtandao: hapa enp3s0 ni kebo, wlp2s0 ni wifi.

Wengi hudhani mstari wa juu ndio unaoshinda. Sivyo. Hushinda mstari unaoitaja anwani kwa umahususi zaidi. /24 inadai biti 24 za mwanzo zifanane, /0 haidai chochote. Kwa hiyo pakiti ya kwenda 192.168.50.9 hupita kwenye mstari wa /24 hata kama `default` ziko kumi juu yake. Metriki, ile namba ya kipaumbele baada ya neno `metric`, huingia tu pale mistari inapolingana kwa urefu wa /, na yenye namba ndogo ndiyo hupita. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho kwenye Linux nyingi, huipa kebo 100 na wifi 600. Basi safari zote za nje zinaelekezwa kwa 192.168.50.1, lango lisiloijua intaneti. (Ukikuta metriki ya 20100 usishangae: NetworkManager ikiwa imewekwa kukagua intaneti na isiipate, huongeza 20000 juu ya namba ya kawaida ili mstari huo usishinde.)

Kanuni hiyo ya umahususi ndiyo ujanja wa OpenVPN, programu ya VPN inayopitisha safari zako kwenye seva nyingine, inapotaka kuteka safari zote. Haiifuti `default` yako. Inaweza kuongeza mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1. Ikiunganishwa, miwili hiyo inafunika anwani zote za IPv4, na kila mmoja ni mahususi kuliko /0. VPN ikizimwa mistari inaondoka, na `default` ya zamani iko palepale.

Turudi kwenye kebo. Tuseme seva za kazini ziko 10.20.0.0/16, nyuma ya lango la kebo. Ongeza kwanza, futa baadaye:

```
sudo ip route add 10.20.0.0/16 via 192.168.50.1
sudo ip route del default via 192.168.50.1 dev enp3s0
ip route get 10.20.5.9
```

Amri ya tatu ndiyo ya kuizoea. Haitumi pakiti yoyote; inauliza tu mfumo ungepitia wapi. Jibu likitaja `dev enp3s0`, umefaulu. Mabadiliko hushika mara moja, kwa hiyo kama umeingia kwenye mashine hiyo kwa mbali kupitia SSH, hakikisha hufuti mstari unaobeba majibu ya muunganisho wako mwenyewe. Kubadilisha lango kwa mbali ni salama zaidi kwa `ip route replace` kuliko `del` ikifuatiwa na `add`.

Makosa yana lugha yake. `Nexthop has invalid gateway` maana yake lango ulilotaja halimo kwenye mtandao wowote uliounganishwa nao moja kwa moja, au kadi yake imezimwa. `File exists`: mstari huo tayari upo. Baya zaidi ni lile lisilosema kitu. Ukisahau /16 ukaandika `10.20.0.0` peke yake, amri inakubaliwa kimya kama /32, yaani anwani moja tu, nawe unabaki kushangaa kwa nini seva hazipatikani. Windows nayo hufanya vivyo hivyo ukiacha `mask`.

Mistari iliyoongezwa hivi haidumu. Ukiwasha mashine upya inapotea, na DHCP, huduma inayogawa anwani na lango kiotomatiki, inaweza kuirudisha `default` uliyofuta. Ili idumu, iandike kwenye muunganisho wenyewe kwa `nmcli`, amri ya NetworkManager. Hapa muunganisho unaitwa kebo:

```
nmcli connection modify kebo ipv4.never-default yes +ipv4.routes "10.20.0.0/16 192.168.50.1"
nmcli connection up kebo
```

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

```
route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.50.1
```

Herufi `-p` ndiyo inayoutunza mstari; bila hiyo nao unapotea mashine ikizimwa.

Na kama jedwali liko sawa lakini seva bado haijibu? Sikiliza kwenye kadi yenyewe kwa `sudo tcpdump -ni enp3s0 host 10.20.5.9` huku ukipiga ping kutoka dirisha jingine. Maombi yakitoka na majibu yasirudi, upande wako umemaliza kazi yake. Huenda ukuta wa moto (firewall) unazuia, au, jambo la kawaida sana, seva ile au ruta yake haina mstari wa kurudi 192.168.50.0/24. Mstari huo unaongezwa kule, si kwako.