"Memori Imejaa": Ipi Hasa?

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwenye kibanda chetu cha ufundi pale Kondele, Kisumu, akiwa na laptopu kwapani na kijisanduku kipya mkononi. Ndani ya kijisanduku mlikuwa na diski ya nje ya terabaiti moja.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, akaniambia, "niliambiwa laptopu yangu ni nzito kwa sababu memori imejaa. Basi nimenunua memori. Nimeichomeka siku mbili na bado mashine inatambaa."

"Karibu ukae, Japuonj," yaani Mwalimu, nikamjibu, kisha nikaiwasha ile laptopu. Diski yake ya ndani, ya gigabaiti 500, haikuwa imejaa hata nusu. RAM ndiyo iliyokuwa na gigabaiti 4 tu, na mzee alikuwa amefungua kivinjari chenye kurasa kumi na saba, barua ya chama na video ya mahubiri, zote kwa pamoja. Aliyemuuzia diski hakumdanganya kwa makusudi, nadhani. Wote wawili walitamka "memori", kila mmoja akawa na lake kichwani, na pesa za pensheni zikatoka.

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, ndiyo maana leo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. RAM ni mahali kompyuta inapoweka kazi inayoishughulikia sasa hivi; umeme ukikatika, kila kilichokuwa humo hupotea. Hifadhi ni mahali faili zinapokaa hata mashine ikiwa imezimwa: diski ya kuzunguka, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), flashi, kadi ya kuwekea faili kwenye simu. Vyote viwili hupimwa kwa gigabaiti, lakini hilo halivifanyi kuwa kitu kimoja, kama vile mafuta ya taa na maziwa yasivyokuwa kitu kimoja kwa kuwa yote huuzwa kwa lita. Hapo ndipo maana inapoishia. Kinachonisumbua ni jina.

Kabla ya kompyuta yoyote kuwaka, Mwingereza Charles Babbage, katika miaka ya 1830, alichora mashine ya kupiga hesabu yenye sehemu kuu mbili. Moja aliiita ghala na nyingine akaiita kinu. Nambari zilikaa ghalani zikingoja zamu, zikapelekwa kinuni kusagwa, kisha matokeo yakarudi ghalani. Mtu wa huku hahitaji kuchorewa picha hiyo. Yeyote aliyetumwa utotoni achote mahindi kwenye dero, ghala la nafaka la nyumbani, na kuyapeleka kwenye kinu cha posho ameshaielewa mashine ya Babbage.

Tungebaki na ghala tungekuwa salama. Waingereza waliendelea nalo kwa muda mrefu, hata katika kompyuta zao za miaka ya 1940 na 1950. Lakini mwaka 1945, kule Marekani, mwanahisabati John von Neumann aliandika ripoti kuhusu mashine iliyoitwa EDVAC, akaieleza kana kwamba ni mwili wa kiumbe: ina viungo, ina kitu kinachofanana na neva za ubongo, na ina "memori". Neno la mwanadamu likavishwa chuma. Ripoti hiyo ilisomwa sana, na tangu hapo watu wanaamini kompyuta inakumbuka.

Halafu mambo yakazidi kuchanganyika. RAM ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha memori unayoweza kuifikia popote pale kwa muda uleule, bila kupita kwanza kwenye yaliyotangulia. Zamani zile data nyingi ilikaa kwenye utepe, na kwenye utepe ukitaka kilicho mwishoni sharti uzungushe kutoka mwanzo, kama kaseti za benga tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu. Kwa hiyo "kufikia popote" ilikuwa sifa ya kujivunia. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilipotoa mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya kuzunguka, iliiita RAMAC, na herufi zake mbili za mwanzo zinasimamia maneno yaleyale ya kufikia popote. Diski ile ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5 hivi. Wimbo mmoja wa ohangla usingeenea humo. Angalia basi: hifadhi ya kwanza ya aina yake ilibatizwa kwa sifa ambayo leo tunaihesabu kuwa ya RAM peke yake. Mnunuzi wa leo akichanganyikiwa, hakuanza yeye.

Kwenye simu kuna kosa jingine ambalo limeshakomaa hadi likawa desturi. Tangazo linasema simu ina RAM 4 na ROM 64. ROM maana yake ni memori ya kusomwa tu, isiyoandikwa. Sasa, kama huwezi kuiandika, picha za harusi ya dada yako umeziwekaje humo? Jina hilo lina ukoo wake. Zamani kulikuwa na chipu za kusomwa tu kweli, kisha zikaja ambazo zingeweza kufutwa kwa umeme na kuandikwa upya, na kutokana na hizo Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba akaibua chipu za flashi katika miaka ya 1980. Mjukuu amebaki na jina la babu. Ile 64 ni hifadhi, hifadhi ya kawaida kabisa, unaandika na kufuta utakavyo.

Tuje sasa kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Vitabu na programu nyingi zilizotafsiriwa huiita RAM "kumbukumbu". Kwa mtafsiri ni rahisi, memori ni kumbukumbu, basi. Lakini msikilize Mswahili anapolitumia neno hilo nje ya kompyuta. Kumbukumbu za mkutano ni yale maandishi ya katibu, yanayowekwa ili mwakani mtu asikane alichosema. Kumbukumbu la Torati ni kitabu cha sheria zilizorudiwa zisisahaulike. Kutokana na kitenzi hichohicho, kukumbuka, tumepata makumbusho, na ukienda Makumbusho ya Kisumu, kwenye barabara ya Kericho, utakuta vitu vilivyowekwa viwaeleze watoto wetu maisha ya wazee. Kila mahali neno hili linabeba kudumu. Halafu tunalichukua na kulibandika kwenye sehemu ya kompyuta isiyodumu kabisa, sehemu inayosahau kila kitu stima inapopotea!

Hili silisemi kwa kupenda ubishi wa maneno. Nilipokuwa nikisimamia saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, msichana mmoja wa chuo alikaa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni akiandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Aliandika kwa saa nzima, kwa vidole viwili, akisoma kila sentensi kwa sauti ya chini. Stima ikapotea. Iliporudi, faili lilikuwa tupu. Alinitazama bila wasiwasi wowote akauliza, "Kaka, si iko kwa memori?" Ilikuwa kwa memori, naam, na ndiyo sababu ilipotea. Hakuwa ameihifadhi hata mara moja, na kompyuta ile haikuwa na betri ya akiba. Nilimwona akifungua ukurasa mpya na kuanza tena na anwani yake, na sikuwa na la kumwambia ambalo lingemfaa saa ile.

Ndani ya RAM kila tarakimu, sifuri au moja, ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye kitu mfano wa kindoo kisichoonekana kwa macho. Kindoo chenyewe kinavuja. Kompyuta hulazimika kupita na kuvijaza vyote upya, kila baada ya milisekunde 64 hivi, mchana kutwa. Umeme ukikatika, wa kujaza hayupo, na kila kindoo kinakauka. Muundo huo wa kindoo kimoja na swichi yake moja ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968, na hadi leo RAM ya laptopu yako inafanya kazi hivyo. Flashi na SSD, kwa upande wao, huifungia chaji mahali isipoweza kutoka kwa urahisi, kwa hiyo hubaki nayo miaka bila umeme.

Neno hifadhi, kwa bahati, limetulia mahali pake. Tunasema Hifadhi ya Msitu wa Kakamega, tunasema Mungu akuhifadhi. Ni kweli lina kumbukumbu ndani yake pia, kwa kuwa anayehifadhi Kurani ameiweka moyoni, lakini hata hapo maana ni kuiweka isitoke. Ukigeuza simu yako ya Android iwe ya Kiswahili na kufungua Mipangilio, utalikuta limeandikwa hivyo, Hifadhi, na ndani yake picha, video na programu. Hapo watafsiri walifanya kazi nzuri.

Nawaelewa pia wanaosema memori wakimaanisha hifadhi, na siwacheki. Kadi ya simu ndiyo iliyotufundisha. Kabla ya vifurushi vya intaneti kuwa rahisi, ulikuwa unampelekea kijana wa duka la nyimbo kadi yako, anakujazia benga, ohangla na isukuti, unamlipa, unarudi nyumbani ukiwa na memori iliyojaa muziki. Kadi hizo ziliitwa memori kadi tangu kiwandani. Neno lilifika kijijini likiwa na maana hiyo, likashika. Shida ni pale linapoingia duka la kompyuta bila kuulizwa limemaanisha nini.

Siku ile nilimweleza Mwalimu kwa mfano wa soko la Kibuye, Jumapili, sokoni kumejaa. Mama wa omena, yaani dagaa, ametandaza turubai lake, na nyuma, stoo, ana magunia kumi. Anayeuza kwa gorogoro anauza kilicho kwenye turubai. Turubai likiwa dogo, mteja wa dagaa akifuatwa na wa samaki wa kukaanga kisha wa obambla, samaki wa kukaushwa, mama itabidi akunje hiki, akimbilie stoo, atoe kile, arudi. Siku nzima anakimbia. Ukimjengea stoo ya pili, umemsaidia nini? Laptopu yenye RAM ndogo hufanya vivyo hivyo: ikijaa, huchukua baadhi ya kazi na kuzisukuma kwenye diski, kisha huzirudisha zinapohitajika. Diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kuliko RAM, na ule mngurumo unaousikia huku kipanya kimeganda ni mama akikimbia stoo.

Uchunguzi wake hauhitaji fundi. Kwenye Windows, fungua kazi zako za kawaida zote, mashine ianze kulemewa, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina safu ya memori na safu ya diski. Ya memori, hapo, ni RAM. Ikiwa imekaa juu ya asilimia 90 wakati unafanya kazi, unahitaji RAM. Ikiwa RAM ina nafasi na diski ndiyo inayogota asilimia 100, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD. Kwa laptopu nyingi hizi zilizotumika Ulaya, hilo ndilo badiliko utakalolihisi kuliko yote. Na ukiambiwa huwezi kuweka picha zaidi, ndipo ununue hifadhi.

Kabla ya kununua RAM, jua aina yake. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake limekatwa mahali pengine makusudi, na laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, haiongezwi kamwe. Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za RAM na 64 za hifadhi, lakini 4 ni za kuiwasha tu. Kwa kazi ya kila siku usinunue mashine yenye chini ya 8. Kwenye simu, ukiona tangazo la RAM 8 na 8 ikawa 16, ile nane ya pili imeazimwa kwenye hifadhi. Ni stoo iliyoitwa turubai. Hesabu 8.

Laptopu ya Mwalimu ilikuwa na nafasi mbili, moja wazi. Tuliweka kipande kingine cha gigabaiti 4 cha aina ileile, na kurasa zake kumi na saba zikafunguka bila mngurumo. Diski yake mpya haikupotea bure. Tuliiwekea nakala ya picha zake na maandalio ya masomo ya miaka yote aliyofundisha, kwa maana diski ya ndani ni ya zamani na siku moja itachoka.

Alipokuwa anaondoka aliupiga mfuko wake wa koti, ambamo alikuwa ameitia ile diski, akasema memori yake mpya inafanya kazi vizuri. Nikamwambia taratibu, "Hiyo ya mfukoni ni hifadhi, Japuonj. RAM mpya iko ndani ya laptopu."