Tezi ya mate inayomtaja panya dume

Juzi mwanafunzi wangu aliniwekea slaidi kwenye hadubini, uso umemsawajika. Panya wake waliopewa dawa, alisema, tezi zao za mate zimeharibika: mirija imetanuka na kujaa chembechembe nyekundu. Nikamuuliza, "Hawa ni madume?" Wote. Na wale wa kulinganishia? Majike, kwa kuwa ndio waliopatikana. Basi alichokiona si madhara ya dawa, ni tofauti ya dume na jike.

Panya mdogo wa maabara ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Mlaze chali, chana ngozi ya shingo: utakutana kwanza na tezi za chini ya taya, nene, ya kulia na ya kushoto zikigusana katikati. Ubavuni mwa kila moja imejibana tezi ndogo ya chini ya ulimi, ndani ya utando uleule, kwa hiyo ukipima uzito bila kuzitenganisha umepima mbili kwa pamoja. Jozi ya tatu, parotidi, yaani tezi ya karibu na sikio, ndiyo inayosumbua. Imetandaa kuanzia chini ya sikio ikishuka kuelekea bega, na ni rahisi kuidhania mafuta. Mimi huanzia sikioni.

Kwenye hadubini, parotidi yote ni seli za majimaji, yaani zinazotoa mate mepesi. Ya chini ya ulimi imepauka kwa ute, na pembeni mwa vishada vyake kuna hilali za seli za majimaji.

Uzuri wote uko kwenye tezi ya chini ya taya. Ina mirija iliyojipindapinda ambayo binadamu hatuna. Kwa dume, seli zake ni ndefu, kiini kimesukumwa chini, juu kumejaa chembechembe zilizokolea eosini, rangi nyekundu ya kutia kwenye slaidi. Testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayoikuza. Mhasi dume, mirija itanywea. Jike anayo pia, ila ni myembamba.

Humo ndimo mwanabiokemia Stanley Cohen alimopata protini ya kukuza seli za ngozi. Alipowadunga vitoto vya panya dondoo la tezi hiyo, vilifumbua macho siku ya 7 hivi, badala ya siku ya 12 hadi 14. Mwaka 1986 yeye na mwanasayansi mwenzake Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwanafunzi wangu anaanza upya wiki hii. Kwenye kila lebo anaandika jinsia kabla ya namba.