Viwavi wameisha, lakini nani kakwambia ni dawa? Dhana potofu kuhusu milipuko ya wadudu wa misitu

Mwenye msitu mmoja alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Tulipuliza mara moja tu, Profesa, na msimu uliofuata hatukuona kiwavi hata mmoja." Nikamuuliza kama kuna kipande alichokiacha bila dawa. Hakuna. Nikamuuliza kama alihesabu mayai kabla ya kupuliza. Hakuhesabu. Basi hana namna ya kujua kama dawa ilifanya kazi, na mimi pia sina. Mazungumzo haya nimeshayafanya na watu wengi mno, kwa maneno yaleyale, na nimechoka kuyamalizia kwenye simu.

"Tulipuliza, wakaisha. Dawa ndiyo iliyowamaliza."

Kabla sijaanza kufuatilia wadudu nilikuwa mhandisi wa udhibiti wa michakato, na dhana hii niliikuta kiwandani kabla ya kuikuta msituni. Chukua tangi linalopashwa kwa mvuke, na kipimajoto kimefungwa mbali kwenye bomba la kutolea, kiasi kwamba maji huchukua dakika 5 kukifikia. Joto limeshuka, mwendeshaji anafungua vali. Kipimajoto hakisogei, maana maji kinayoyapima yalitoka tangini dakika 5 zilizopita. Anafungua zaidi. Kimya. Anafungua tena. Kisha joto la mara zote tatu linafika na kupita kiwango. Naye anafunga vali kwa pupa ileile, na baada ya muda yanamfikia maji ya baridi. Mtambo mzima unapanda na kushuka, na hakuna kifaa kilichoharibika. Kinachouyumbisha ni taarifa inayochelewa.

Msituni, urefu wa bomba hilo hupimwa kwa vizazi. Nyigu vimelea hutaga mayai ndani ya viwavi wa mwaka huu, lakini watoto wa nyigu hao watatoka kuwinda katika kizazi kijacho. Kwa hiyo wingi wa nyigu unaouona leo ni kumbukumbu ya wingi wa viwavi wa msimu uliopita. Viwavi wakiongezeka, breki inachelewa kukamata. Ikikamata, inakamata kupita kiasi, na viwavi wanaporomoka hata kama hakuna binadamu aliyegusa kitu.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika milima ya Alps huko Ulaya, kwa nondo mdogo ambaye viwavi wake hula milachi, miti ya jamii ya misonobari. Idadi yake imekuwa ikipanda na kuporomoka takriban kila baada ya miaka 8 hadi 10, na mapigo yake yamesomwa katika pete za miti kwa zaidi ya miaka 1,100. Miaka 1,100! Karibu muda wote huo hapakuwa na ndege wala pampu ya dawa, na kila mlipuko uliisha wenyewe. Nyigu wana mchango wao, na mti wenyewe pia: ukishaliwa, majani ya miaka inayofuata huwa mafupi, magumu na yenye lishe duni, hivyo viwavi wanaozaliwa baadaye wanalipia karamu ya wazazi wao. Huo nao ni mrejesho uliochelewa, yaani matokeo yanayorudi kukiathiri chanzo chake baada ya muda. (Kuanzia miaka ya 1980 mapigo hayo yalidhoofika sana kwa miongo kadhaa, na wengi walilihusisha jambo hilo na joto linaloongezeka. Mada hiyo inastahili makala yake.)

Sasa jiulize mwenye msitu hupuliza lini. Hupuliza anapoona majani yamekuwa ya kahawia. Majani hubadilika rangi viwavi wakiwa wakubwa na wengi, yaani kileleni au karibu na kilele, wakati nyigu na magonjwa ya viwavi tayari yameshajaa. Ukipuliza kileleni, idadi itashuka mwaka unaofuata. Ukimwaga maji ya kawaida kileleni, itashuka vilevile. Ndiyo maana kila dawa inayouzwa ina mashahidi wengi waaminifu, na kila shahidi anasema kweli kuhusu alichokiona.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa inayoua kila kitu huwaua na nyigu pia. Umeikata breki wakati ndiyo kwanza imeanza kukamata. Katika jimbo la New Brunswick, Kanada, upuliziaji wa DDT kwa ndege dhidi ya viwavi wa misprusi, miti mingine ya jamii ya misonobari, ulianza mwaka 1952. Lengo lilikuwa kuyaokoa majani ili miti isife kabla ya kuvunwa, na miti mingi iliokolewa kweli. Sitawanyima haki yao. Lakini viwavi hawakuisha. Ndege zilirudi karibu kila mwaka, kwa miaka mingi, maana majani yaliyookolewa yalikuwa pia chakula kilichobaki mezani. Samaki wachanga wa aina ya salmoni katika mto Miramichi nao waliuawa na dawa hiyo.

Sisemi usipulize kamwe. Zipo dawa zenye bakteria zinazolenga viwavi na kuwaacha nyigu, na upo wakati mwafaka wa kuzitumia: mapema, idadi ikiwa inapanda. Ninachosisitiza kwa kila anayenisikiliza ni hiki. Acha ukanda usiopulizwa, mkubwa wa kutosha, wenye miti ileile na udongo uleule. Hesabu mayai au mabundo (viwavi waliotulia wakigeuka kuwa nondo) kwenye matawi idadi maalumu, kisha rudia msimu unaofuata kwenye matawi idadi ileile. Gawanya hesabu ya pili kwa ya kwanza. Jibu likizidi 1, bado wanapanda. Likiwa chini ya 1, umeshachelewa na dawa ni hasara. Halafu pasua viwavi 100 uone wangapi wana funza wa nyigu ndani. Ni kazi ya siku moja na wembe. Mhandisi yeyote atakuambia kwamba usomaji mmoja hauonyeshi mtambo unaelekea wapi, lakini watu bado wananitumia picha moja ya majani makavu na kuniomba uamuzi.

"Mbawakawa wa magome hushambulia miti migonjwa tu."

Wakiwa wachache, ndiyo. Mti wenye afya huwazamisha kwa utomvu. Lakini mbawakawa wa misonobari ya milimani wa Amerika Kaskazini huitana kwa feromoni, yaani kemikali za harufu: jike akifaulu kutoboa, harufu yake huwavuta wengine, wanaozidi kutoboa na kuongeza harufu. Huo ni mrejesho unaojikuza, na ukipita kizingiti fulani, utomvu wa mti wenye afya hautoshi. Mti ukishajaa, harufu nyingine, verbenoni, huwaambia wanaofika watafute mti mwingine. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mlipuko ulioanza miaka ya 1990 uligusa zaidi ya hekta milioni 18, na mingi ya misonobari iliyokufa haikuwa na ugonjwa wowote.

"Mti uliopukutika umekufa, ukate."

Subiri. Mti wa majani mapana ulioliwa mara moja mara nyingi huchipua tena msimu uleule. Misonobari na jamaa zake, mingi haina akiba hiyo, kwa hiyo kwao kuwa mwangalifu zaidi. Kwanza kwangua gome uone kama chini yake bado kuna kijani.

"Uliutupa uhandisi ukaenda kukimbiza nondo."

Sikuutupa. Maxwell, mwanafizikia, alichapisha hesabu za vidhibiti mwendo vya mashine mwaka 1868. Mwaka 1935 Nicholson, mtaalamu wa wadudu, na Bailey, mwanafizikia, walionyesha kwa hesabu kwamba nyigu na mwenyeji wake, yaani mdudu anayemtagia mayai, wanaweza kuyumba kwa mawimbi yanayozidi kukua. Aliyezoea kuchora mwitikio wa vali hatapotea katika kurasa hizo.

"Basi tuache asili ijirekebishe yenyewe."

Hii huja kutoka kwa walionisikia nusu. Mrejesho hauwezi kufanya kazi kama kihisio, yaani kinachohisi badiliko na kulijibu, hakipo; msituni kihisio hicho ni adui wa mdudu. Vidukari wa misaipresi waligunduliwa Malawi mwaka 1986, na mwaka 1990 walikuwa wamefika Kenya. Walikuja bila adui wao wa kwao, na misaipresi ilikauka kwa wingi huku watu wakingoja. Kilichohitajika kilikuwa kuifunga ile breki iliyokosekana, na kuanzia miaka ya 1990 nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum aliletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa mashambani. Kwa mdudu mgeni, swali langu la kwanza huwa: kwao anakula nini, na nani anamla?