Mbwa mwongozaji hadaiwi cheti

Juzi, dukani karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, mgeni Mmarekani asiyeona, akiwa na mbwa anayemwongoza njia, alizuiwa mlangoni. "Pole mama, mbwa haingii bila cheti." Mbwa mwenyewe alikuwa ametulia miguuni pake, kimya kabisa.

Habari hii ya cheti imeenea miaka mingi, hata huko Marekani, na si kweli. Sheria yao ya 1990 ya kulinda watu wenye ulemavu (ADA) haidai karatasi wala fulana ya mbwa. Kazi yake isipoonekana wazi, muuzaji huuliza mawili tu: anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kufanya nini? Akileta fujo asidhibitiwe, anaweza kutolewa.

Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya kufika majengo yanayotumiwa na umma. Mama yule aliondoka bila hata maji ya kunywa. Iliniuma sana.