Yale tunayoyakosea kuhusu utani wa picha za mtaani

"Ilikuwa bahati tu."

Ndiyo kauli ya kwanza ya mtu aliyeona picha ya mtaani ikamvunja mbavu. Anadhani mpiga picha alikuwa anajipitia, kamera shingoni, mara kituko kikatokea mbele yake naye akabonyeza. Wapo wanaobahatika hivyo. Lakini utani mwingi wa aina hii ni uvuvi wa ndoano: unapata kwanza nusu ya kichekesho, labda bango, mchoro ukutani au sanamu iliyonyoosha kidole, kisha unakaa kusubiri nusu ya pili ije kwa miguu yake.

Robert Doisneau alifanya hivyo Paris mwaka 1948. Aliificha kamera ndani ya duka la michoro, ikielekea dirishani, ambako kulitundikwa mchoro wa mwanamke aliye nusu uchi. Wapita njia wakawa wanajileta wenyewe. Katika picha inayojulikana zaidi kati ya hizo, mke anaeleza jambo kwa dhati kuhusu mchoro mwingine ulio mbele yake, ambao sisi tunauona mgongo tu. Mume yuko naye bega kwa bega, ametulia kama anayesikiliza, ila mboni za macho zimetoroka kwenda pembeni. Hakuna kati yao aliyefanya kichekesho. Tunachocheka ni ule mstari kutoka jichoni mwa mume hadi kwenye mchoro wa yule mwanamke nusu uchi, na wa kuuona ni yule tu aliyekaa upande wa ndani wa kioo.

Bahati nayo tuipe haki yake. Mwaka 1932 Henri Cartier-Bresson alipenyeza lenzi kwenye ufa wa uzio nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, akampata mtu anaruka dimbwi huku bango la nyuma yake likionyesha mcheza dansi akiruka vilevile. Hilo hata ungesubiri wiki nzima usingelipata kwa kupanga.

"Ya mtaani haipangwi."

Hupangwa, tena na wakongwe. Novemba 1943 Weegee alipiga picha nje ya jumba la opera New York: wanawake wawili wa kitajiri, manyoya na vito mwili mzima, na pembeni yao mwanamke aliyechakaa, nywele timutimu, akiwatazama kwa jicho la dharau. Miaka baadaye msaidizi wake alisimulia kwamba alitumwa kumchukua mwanamke yule kwenye baa na kumleta pale akiwa amelewa. Matajiri hawakujua lolote. Picha bado ina nguvu, nakubali, ila mimi siwezi tena kuiita kinaya. Kinaya kinataka mambo yagongane yenyewe. Doisneau pia, yule wa dirishani, busu lake maarufu la mwaka 1950 mbele ya ukumbi wa jiji la Paris lilikuwa la wanafunzi wa uigizaji aliowaomba wabusiane.

"Kinaya ni kichekesho."

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Tazama picha aliyopiga Peter Magubane Johannesburg mwaka 1956. Benchi limeandikwa kwamba ni la Wazungu tu. Mtoto wa kizungu amekalia upande wake, na yaya wake Mwafrika ameketi upande wa pili, nyuma ya benchi, mkono ameuvusha hadi shingoni mwa mtoto. Sheria imekataza makalio, mkono ikauacha upite. Kinaya kimekamilika, lakini sijaona mtu aliyeicheka.

Mfano mwingine ni wa Margaret Bourke-White, Louisville, Marekani, mwaka 1937. Bango kubwa lina familia ya kizungu ndani ya gari, baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote meno nje, na maandishi yanayojigamba kwamba hapa ndipo penye kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Chini yake kuna foleni ya watu weusi wenye ndoo na vikapu. Wengi huitumia picha hii kama ushahidi wa watu wasio na kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kumbe ni waathirika wa mafuriko ya mto Ohio, wamepanga foleni kupata msaada. Unyonge wa watu weusi ulikuwa wa kweli, bango lilikuwa la kweli, ila chanzo cha foleni hakimo ndani ya fremu, kwa hiyo mtazamaji anajitungia. Ndiyo maana picha ya kinaya isiyo na maelezo chini yake ni ya kutazama kwa tahadhari.

"Picha haihitaji mkalimani."

Inategemea utani umeegemea nini. Elliott Erwitt alipiga New York mwaka 1974 picha ambayo kamera iko karibu na ardhi: miguu miwili ya mbwa mkubwa, buti mbili za mwanamke, na kibwa kidogo chenye kofia kikikutazama. Ukubwa na udogo kila mtu anauelewa. Lakini kofia? Kwa mtu aliyezoea mbwa wa kulala sebuleni, hayo ni mapenzi, na kibwa ndicho kinachochekesha. Kwa aliyelelewa kujua kwamba mbwa ni wa kulinda nje, anayechekwa ni mwenye mbwa. Kinaya kilichoegemea maandishi, kama cha lile benchi, hakisafiri kabisa bila tafsiri.

Wala mpaka wa utamaduni si lazima uwe mpaka wa nchi. Martin Parr alipopiga picha za rangi kali za watu wakila na kuota jua kati ya takataka huko New Brighton, jirani na Liverpool, miaka ya 1983 hadi 1985, Liverpool hawakushtuka, walikuwa wanajiona. London ndiko waliposema anawadhihaki maskini.

"Barabara ni ya umma, ruhusa ya nini?"

New York mahakama ilimkubalia mwaka 2006 mpiga picha aliyeshtakiwa na mpita njia aliyempiga picha bila ruhusa. Hungary, tangu 2014, sheria inataka ridhaa ya anayepigwa picha. Na Quebec kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1998: binti wa miaka 17 alipigwa picha amekaa kwenye ngazi za jengo, ikachapishwa kwenye jarida la sanaa bila yeye kujua, akalipwa fidia ya dola 2,000. Picha yenyewe haikuwa na utani wowote, si bango, si mbwa mwenye kofia. Kicheko kilianza ilipofika mikononi mwa watu waliomfahamu.